Mama Mizani na Ndago ya Bondeni

Habari ya mabomba mawili ya mwisho ilisimuliwa kwa mara ya kwanza na shemeji wa marehemu, yaani mdogo wa mume wake, siku ya Jumapili tarehe 14 Machi 1993, saa saba na nusu mchana, mezani, mbele ya watu wanne, na ni yeye mwenyewe shemeji aliyetuomba juzi kwamba isomwe leo bila kupunguzwa. Tutaifikia mahali pake. Familia imeona si vizuri kuanzia katikati ya maisha ya mtu, hasa mtu kama huyu, ambaye ukimletea habari yoyote, hata ya sukari kupanda bei, alikuuliza kwanza imetoka wapi.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mizani na baadaye Mama Mizani, alizaliwa Jumanne tarehe 6 Februari 1951, alfajiri, katika chumba cha nyuma cha nyumba iliyosimama kati ya karakana ya baba yake na mfereji wa maji, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yake alikuwa fundi seremala, mtu aliyekaa na penseli nyuma ya sikio hata siku ambazo hakuwa na kazi, na mama yake alikuwa mkulima wa mboga, akilima vipande viwili, kimoja mlimani na kingine bondeni kando ya mfereji, na vipande vyote viwili vilikuwa na ndago.

Kwa wale ambao hawajawahi kuinama shambani, ndago ni lile gugu la majani membamba yanayong'aa na bua lenye pembe tatu, ambalo ukiling'oa linakuachia majani mkononi na kubaki na uhai wake chini, kwa kuwa huko chini lina vinundu vyeusi vilivyofungamana kama shanga kwenye uzi, na kila kinundu kikikatwa na kuachwa peke yake huanza maisha upya, mwaka huu, mwaka kesho na mwaka wa kumi. Mama yake marehemu alikuwa akisema kwamba ndago ya mlimani ina haya, ukiichimba mara mbili inakuelewa, lakini ya bondeni haina haya kabisa, na watoto walipomuuliza kama si ndago ile ile, alijibu kwa maneno ambayo marehemu aliyaandika miaka mingi baadaye kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lake: "Jina moja, wanangu, tabia mbili. Nyinyi wote nimewazaa mimi, mbona mmoja wenu ananuna?" Kwa ushahidi wa dada yake mkubwa, aliyekuwa akinuna ni marehemu.

Alianza shule ya msingi mwezi Januari 1959 na kumaliza mwaka 1965, akaingia sekondari ya wasichana ya bweni mwaka 1966, na kumaliza kidato cha nne mwezi Novemba 1969, akiwa wa pili darasani katika hesabu na wa mwisho katika kuimba, jambo ambalo mwalimu wa muziki aliliandika kwenye ripoti na marehemu aliitunza ripoti hiyo pamoja na vyeti vyake vyote, kwa maelezo kwamba mwalimu alikuwa amepima sawasawa. Mwaka 1970 na 1971 alisoma cheti cha kilimo, na siku ya Jumatatu tarehe 3 Januari 1972 aliajiriwa katika kituo cha utafiti wa magugu, kama msaidizi wa maabara, akapewa koti jeupe lenye mfuko mmoja mkubwa, meza iliyoelekea dirisha la kaskazini, na silinda ya kupimia ya kioo, ya mililita mia moja, yenye mistari myembamba ya bluu.

Silinda hiyo inahitaji kutajwa, kwa sababu marehemu aliishi nayo kama watu wengine wanavyoishi na miwani. Hakumwazima mtu, hakuiacha mezani, hakuiacha shambani, alikwenda nayo chai na kurudi nayo, ikiwa ndani ya ule mfuko mkubwa wa koti, imefungwa kwa kitambaa, na wenzake walipomtania kwamba ataolewa nayo, alijibu kwamba silinda angalau haibadilishi maneno. Jina la Mizani alipewa na mtunza ghala mwezi Mei mwaka huo wa kwanza, siku aliporudisha chupa ya dawa ghalani kwa sababu ilikuwa imepungua mililita nne kuliko ilivyoandikwa kwenye lebo. Mtunza ghala alisema, "Mililita nne si hata machozi ya mtu mmoja," naye akamjibu, "Inategemea analia nini."

Siku ya Jumamosi tarehe 10 Agosti 1974 alifunga ndoa na dereva wa kituo, mtu mpole na mcheshi, ambaye alikuwa akisema hadharani kwamba alimpenda kwa sababu ndiye abiria pekee aliyemsomea kilomita kwenye dashibodi bila kuombwa. Walijaliwa watoto watatu, binti aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1975, mtoto wa kiume tarehe 19 Aprili 1978, na binti wa mwisho tarehe 30 Oktoba 1983, na wote wamesimama hapa. Mwaka 1978 mdogo wa mume wake naye alipata kibarua kituoni, cha kubeba bomba la mgongoni na kupuliza dawa katika mashamba ya majaribio, na kwa hiyo nyumba moja ikawa na mpimaji, dereva na mpulizaji, na maongezi ya mezani, kama wanavyokumbuka watoto, yalikuwa ya dawa, matairi na upepo.

Sasa tunafika mwaka 1979. Kituo kilipokea dawa mpya ya kuua magugu, na siku ya Alhamisi tarehe 5 Julai ilijaribiwa katika mashamba mawili yenye ndago, la mlimani na la bondeni, ngwe sita kila shamba, kila ngwe bomba moja, kila bomba mililita mia moja za dawa katika lita kumi na tano za maji. Walianza saa moja asubuhi ili wamalize kabla upepo haujaanza, marehemu akipima na kuchanganya, shemeji yake akipuliza, wakamaliza mlimani, wakashuka bondeni, na walipokuwa wamemaliza ngwe ya nne, mhudumu wa ofisi alikuja mbio kwamba mpimaji anahitajika mara moja kusaini kupokea boksi la vifaa. Marehemu alikwenda, akarudi baada ya robo saa, akakuta ngwe ya tano na ya sita zimeshalowa na shemeji yake anaosha bomba. Alimuuliza, "Umepima?" naye akajibu, "Nimepima, shemeji," na marehemu akaandika kwenye daftari mia, mia, akatia saini.

Siku ya ishirini na moja ndago ya mlimani ilikuwa imekauka yote, na walipochimba, vinundu vilikuwa laini na vimeoza. Ya bondeni iligeuka njano, ikatia huruma kwa wiki mbili, na ilipofika siku ya sitini, tarehe 3 Septemba, ilikuwa imerudi ngwe zote sita, kijani na nene, kama kitu kilichotoka likizo. Mkuu wa idara, msomi mrefu na mtaratibu ambaye hakuwahi kupaza sauti, aliangalia mashamba yote mawili, akaangalia daftari, na hitimisho lake lilikuwa lile ambalo mtu yeyote wa wakati huo angelifikia, kwamba gugu ni moja, dawa ni moja, siku ni moja, bomba ni moja, basi kilichobaki kutofautiana ni mkono uliopima. Tarehe 2 Oktoba 1979 marehemu alipewa barua ya onyo, yenye aya mbili, iliyotaja "uzembe katika upimaji wa dawa, shamba la bondeni, ngwe ya kwanza hadi ya sita", na nakala ikawekwa kwenye jalada lake masijala.

Kwa mtu mwingine barua kama hiyo ni karatasi, inaumiza wiki moja na kusahaulika. Kwa marehemu ilikuwa imechukua kitu pekee alichokuwa nacho kazini, kwa kuwa hakuwa na digrii, hakuwa na cheo, hakuwa mzungumzaji, alikuwa na jina la Mizani tu, na tangu siku hiyo watu walipomwita hivyo alisikia kama wanamcheka, hata wale ambao hawakuwa wanamcheka. Alimwambia mkuu wa idara, "Mkuu, mabomba yote yamepimwa," na mkuu akamjibu kwa upole, "Basi niambie ndago ilijuaje kwamba iko bondeni." Wote waliokuwepo walicheka. Shemeji yake alikuwepo, hakucheka, na hakusema neno.

Swali la mkuu lilikuwa la kumnyamazisha, lakini marehemu alilichukua nyumbani kama swali la kweli, na baada ya siku kadhaa akakumbuka mama yake na zile tabia mbili. Aliona kwamba ndago haisafiri kwa mbegu kama magugu mengine, inasafiri kwa vinundu, kwenye jembe, kwenye tairi, kwenye udongo wa mche, na kinundu kimoja kikiingia shambani huzaa vingine mpaka shamba zima liwe ni mmea mmoja uliojirudia, kwa hiyo kila shamba lina ukoo wake, na koo mbili zinaweza kufanana majani na zisifanane moyo. Fomu ya kituo ilikuwa na safu ya tarehe, ya dawa, ya kipimo, ya hali ya hewa, na safu moja iliyoandikwa "Gugu", ambayo wote walikuwa wakijaza neno moja, ndago, wakaendelea. Hapakuwa na mahali pa kuandika imetoka wapi.

Kuanzia Januari 1980 alianza kukusanya, kwa muda wake na kwa mguu wake. Alichimba vinundu kwenye ukingo wa uwanja wa mpira, kando ya reli, nyuma ya jiko la hospitali, kwenye bustani ya shule ambayo haijawahi kuonja dawa ya aina yoyote, na ndugu waliosafiri waliagizwa kumletea vinundu ndani ya bahasha, badala ya zawadi, kila bahasha ikiandikwa imechimbwa wapi, na nani, na lini, na asiyeandika alirudishiwa bahasha yake. Vyungu vilijaa nyuma ya nyumba, juu ya sakafu ya saruji ili visitoroke, na mume wake alikuwa akiwaambia wageni, "Wenzangu wake zao wanapanda maua, mimi nimeletewa magugu kwa mwaliko," lakini walipohama nyumba mwezi Juni 1985 ni yeye aliyevisafirisha vyungu vyote kwa safari nne, akiendesha polepole kuliko alivyowahi kuwaendesha wakubwa wa kituo.

Alipata koo thelathini na nne. Kila ukoo aliukuza kwanza msimu mzima katika udongo wa aina moja, ili asije mtu akasema ni udongo, kisha akaanzisha kila ukoo kutoka kinundu kimoja, na mwaka 1986 akaenda kwa mkuu wa idara kuomba mahali pa kupulizia. Mkuu alimpa banda la zamani la matrekta, lisilo na mlango, akasema, "Fanya, Mizani, ila usiniletee fomu." Huko alipuliza kwa misimu minne, siku moja, saa moja, dawa ile ile ya mwaka 1979, nusu ya kipimo, kipimo kamili na mara mbili ya kipimo, na shemeji yake, ambaye sasa alikuwa ameajiriwa rasmi, alijitolea kumbebea bomba kila msimu bila kuombwa na bila kukosa hata mara moja, jambo ambalo marehemu alilihesabu kuwa ni upendo, na alikuwa sahihi, ingawa haukuwa upendo peke yake.

Mwezi Agosti 1990 mkuu wa idara aliingia bandani mwenyewe, akasoma kadi za matokeo, akaomba vibandiko vyote vifunikwe ili asijue chungu kipi kimetoka wapi, akavua koti, akakaa chini siku mbili akihesabu machipukizi kwa mkono wake. Kwa kipimo kamili, koo tisa zilikufa mpaka kinundu cha mwisho, koo kumi na nane zilirudi kwa unyonge, na koo saba zilirudi kana kwamba zilimwagiliwa maji ya kunywa, na kati ya hizo saba mojawapo ilikuwa ya bustani ya ile shule ambayo haijawahi kupuliziwa, kwa hiyo haikuwa lazima gugu lizoee dawa ndipo liishinde, lingine lilizaliwa hivyo. Vibandiko vilipofunuliwa, chungu namba saba, kilichokuwa kikaidi kuliko vyote, kilikuwa cha bondeni. Mkuu alifuta mikono, akasema, "Kumbe ilijua." Siku ya Jumatatu tarehe 18 Novemba 1991 barua ya onyo ilifutwa kwa barua nyingine, fomu za kituo zikachapishwa upya zikiwa na safu ya pili, iliyoandikwa "Asili ya gugu", na taarifa ya kituo ikatoka ikianza na jaribio la mwaka 1979, ngwe sita za mlimani na sita za bondeni.

Hapo hadithi ingeweza kuisha, na kwa mwaka mmoja na miezi minne familia iliamini imeisha.

Jumapili ile ya tarehe 14 Machi 1993 mezani walikuwepo marehemu, mume wake, binti yao mkubwa, jirani fundi cherehani, na shemeji. Jirani alikuwa ameomba asimuliwe tena habari ya vyungu, na marehemu, ambaye hakuwa mzungumzaji lakini habari hii aliizungumza, alifika pale pa kusema kwamba mabomba kumi na mawili yote yalipimwa kwa silinda, mililita mia kila moja, wala si sitini wala si themanini. Shemeji aliweka kijiko chini. Alisema, "Shemeji, mabomba mawili ya mwisho nilipima kwa kifuniko."

Binti mkubwa, aliyekuwa na miaka kumi na saba, anakumbuka kwamba mama yake hakupaza sauti wala hakuuliza kwa nini, alichouliza ni, "Kifuniko cha chupa ipi?" Shemeji akajibu, "Ile yenye kifuniko chekundu. Nilijaza vinne. Nilidhani ni ishirini na tano ishirini na tano." Mume wake ndiye aliyekasirika, akamuuliza mdogo wake amekaaje na neno hilo miaka yote, mtu anaitwa mzembe mbele ya macho yake, na shemeji akasema ukweli wake wote kwa mkupuo, kwamba upepo ulikuwa unaanza, kwamba alikuwa kibarua, mke wake ana mimba ya miezi saba, kwamba ile barua ilipotoka aliogopa, na vyungu vilipoanza aliona aibu, na vyungu viliposhinda alijiambia haina haja tena. Mume wake akasema, "Kwa nini hukutumia silinda kama ulivyofundishwa?" Shemeji hakumjibu kaka yake, alimgeukia marehemu, akasema taratibu, "Silinda ulikwenda nayo ofisini. Ilikuwa mfukoni mwako."

Marehemu alishika mahali ambapo mfuko wa koti ungekuwepo kama angekuwa amelivaa. Halafu akasema, "Ndiyo. Na nilichokwenda kusaini lilikuwa boksi la silinda mpya sita." Jirani fundi cherehani, ambaye hakujua aangalie wapi, alianza kucheka kidogo kidogo, kisha marehemu naye akacheka, na ni hapo tu, anasema binti, ndipo shemeji alipolia.

Kesho yake asubuhi marehemu alikwenda ghalani, ambako hakikuwa kikitupwa kitu, akatafuta kifuniko chekundu cha aina ile, akakijaza maji, akayamimina ndani ya silinda. Kilikuwa mililita kumi na tisa. Vinne ni sabini na sita. Ngwe ya tano na ya sita zilipata robo pungufu, na ngwe ya kwanza hadi ya nne, alizopima kwa mkono wake, zilipata mia kamili na bado ndago ilirudi, kwa hiyo matokeo ya vyungu na matokeo ya bondeni yalisimama pale pale, hakuna kilichoanguka. Angeweza kufunga daftari. Mume wake alimwomba afunge daftari. Siku ya Jumatatu tarehe 22 Machi 1993 aliingia ofisini kwa mkuu wa idara akiwa na nakala yake ya ile barua ya onyo, iliyokunjwa mara nne tangu mwaka 1979, akaiweka mezani, akaeleza kwamba mabomba mawili hayakupimwa kwa silinda, kwamba mpulizaji hakuwa na kosa kwa sababu aliachwa bila chombo, kwamba aliyeondoka na chombo ni yeye, na kwamba saini kwenye daftari ni yake. Jina la mpulizaji hakulitaja, na mkuu, ambaye alijua vizuri ni nani, hakuliuliza.

Mkuu alisema, "Unataka nikurudishie onyo?"

Marehemu akajibu, "Nataka liwe sahihi."

Kwa hiyo iliandikwa barua ya tatu, ambayo tunayo hapa, isemayo kwamba onyo la tarehe 2 Oktoba 1979 limefutwa kwa ngwe ya kwanza hadi ya nne na linabaki kwa ngwe ya tano na ya sita, na taarifa ya kituo ikarekebishwa, bondeni zikasomeka ngwe nne. Karani wa masijala alipopokea barua hiyo alisema kwamba amewaona watu wakiiba onyo kwenye jalada, amewaona wakililia, lakini hajawahi kuona mtu analileta mwenyewe kwa mguu. Na wiki hiyo hiyo marehemu aliichukua ile silinda yake, akaifunga kamba shingoni, akaining'iniza kwenye bomba la shemeji yake, na haikuingia tena mfukoni mwake mpaka alipostaafu. Kila bomba la kituo likapata silinda yake, kwa kamba, ikabaki na anayepuliza, na watu waliokuja baadaye walidhani ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo.

Mama yake alifariki tarehe 9 Desemba 1996, akiwa amepelekewa na kusomewa taarifa yote, na alichosema ni kwamba yeye aliyasema bila vyungu. Mume wake alifariki tarehe 27 Mei 2009. Marehemu alistaafu mwezi Februari 2011 akiwa fundi sanifu mkuu, na baada ya hapo alikaa kila Jumatano kwenye benchi nje ya duka la pembejeo, ambako wakulima walimletea malalamiko kwamba dawa ni feki, naye akawauliza, kabla ya kulaumu dawa, ndago yako imetoka wapi, na umepimia nini, na kama jibu la pili lilikuwa kifuniko, alikaripia kidogo kuliko wengine walivyotarajia.

Afya yake ilianza kuyumba mwezi Juni 2021, akagundulika kuwa na moyo uliopanuka, akatibiwa hospitali ya wilaya na baadaye ya rufaa, na kwa miaka karibu mitatu alimeza vidonge kwa saa, akikata nusu kwa wembe na kulalamika kwamba nusu mbili hazilingani. Mwaka jana alimuuliza daktari wake kwa nini dawa iliyomponya jirani yake kwa wiki mbili kwake haifanyi kitu. Daktari alimjibu, "Watu hatufanani, mama," na marehemu akasema, "Basi andika." Alizidiwa Jumanne wiki hii, na Alhamisi tarehe 11 Aprili 2024, saa kumi na dakika ishirini alasiri, alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu, miezi miwili na siku tano. Ameacha watoto watatu, wajukuu saba, na madaftari arobaini na moja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, maana alikuwa akisoma chati yake mwenyewe na kuwasahihisha, inawashukuru majirani waliokuwa wakimkokotea ndoo za maji ya vyungu alipokuwa hawezi tena, inamshukuru mwenye duka la pembejeo kwa lile benchi, na inawashukuru wafanyakazi wa kituo, wa zamani na wa sasa, ambao leo asubuhi wameleta bomba moja la mgongoni likiwa na silinda kwenye kamba na kuliweka kando ya jeneza.

Marehemu aliacha agizo moja la maandishi kuhusu kaburi, kwamba ndago ikiota juu yake isipuliziwe dawa mpaka mtu aandike imetoka wapi.

Kati ya waliotajwa katika historia hii, mkuu wa idara alifariki mwaka 2012, karani wa masijala mwaka 2017, mtunza ghala na fundi cherehani wametangulia pia. Dada yake mkubwa yu hai na ameketi mbele. Binti mkubwa yu hai, na ndiye mwenye funguo za kabati la madaftari. Shemeji yu hai, ana miaka sabini na moja, amestaafu tangu 2013, na ameomba iandikwe kwamba tangu mwaka 1993 hajapimia kifuniko hata chumvi. Na nyuma ya nyumba, juu ya saruji, chungu namba saba kiko pale pale, na ndago ya bondeni ni hai.

Pumzika, Mizani. Amani uliyokuwa ukiwapimia wengine ikufikie wewe mia kwa mia, ngwe zote.